Nje na Ndani: Maisha ya Joash Wabwile Kundu wa Chumba cha Barafu

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 13 Septemba 1958, katika makaburi ya Nakuru, alikuwa na majina mawili. Kwenye cheti cha ubatizo aliandikwa Joash Wabwile Kundu. Katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha maziwa, na hata kwenye landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, watoto walimwita Baba Barafu, na wazazi wao wakafuata. Maneno haya yameandikwa kwa idhini ya mjane wake, Nabalayo. Yeye ameomba kwamba mambo mawili yanayonong'onwa tangu Alhamisi yasemwe hapa mbele ya watu wote, jinsi yalivyokuwa, kisha asiulizwe tena.

Joash alizaliwa tarehe 14 Machi 1919 huko Kamukuywa, chini ya Mlima Elgon, mtoto wa pili wa mzee Kundu na mama Nanyama. Mwaka 1924 mzee Kundu alipata kazi ya kuendesha maksai katika shamba la mzungu huko Bahati, na familia ikahama kwa miguu na kwa mkokoteni. Joash alikuwa na miaka mitano, mzito wa kubebwa, lakini alibebwa mgongoni sehemu kubwa ya njia kwa sababu alikuwa na kikohozi. Mama Nanyama husimulia kwamba hakuwa na haja ya kugeuka kumtazama. Alizishika nyayo zake mbili kwa viganja huku akitembea, na kwa nyayo zile alijua kama mtoto amelala, kama anasikia baridi, au kama homa imempanda.

"Uso wa mtoto huyu ulikuwa mwongo," husema mama. "Hata akiumwa alikuwa anacheka. Miguu ndiyo ilikuwa inaniambia."

Alianza masomo mwaka 1928 katika shule ndogo ya shambani Bahati, ambako mwalimu mmoja alifundisha madarasa yote chini ya bati moja. Mwaka 1932 alirudishwa kwa mjomba wake Kamukuywa ili asome shule ya misheni, akafika darasa la sita. Alipenda hesabu na kuimba, na hakupenda kuchapwa, kwa hiyo aliwahi shule kila siku. Alibatizwa mwaka 1934 katika kanisa la misheni. Mwaka uliofuata karo ilikosekana akarudi Bahati kwa baba yake, akasaidia kukamua ng'ombe.

Tarehe 2 Agosti 1937 aliandikwa kazi katika kiwanda cha maziwa cha Nakuru. Kwanza aliosha mikebe mikubwa ya maziwa iliyoletwa na lori kutoka mashambani, kisha akapelekwa mahali pa kupoza maziwa, na kuanzia mwaka 1946 alikuwa mkuu wa chumba cha barafu. Huko ndiko alikopata msemo wake. Maziwa yakitoka motoni, mikebe iliwekwa ndani ya maji ya barafu, na mtu alisimama akikoroga kwa mwiko mrefu. Wageni kazini walikuwa wakiuacha mwiko mapema. Wanyoike, ambaye leo ni mmoja wa wabeba jeneza, anakumbuka juma lake la kwanza.

"Umemaliza?" Joash alimwuliza.

"Nimemaliza, Bwana Joash. Mkebe umepoa kabisa, shika uone."

"Mimi nashika kila siku. Wewe tia kidole katikati ya maziwa."

Wanyoike alitia kidole, akakitoa haraka na kukinyonya. Wenzake walicheka mpaka mmoja akaangusha ndoo.

"Sasa nani amekudanganya," Joash aliuliza, "mkebe au mkono wako?" Kisha akampa mwiko. "Nje ni mgeni tu. Ndani ndiye mwenye nyumba. Koroga."

Tarehe 5 Desemba 1942 alifunga ndoa kanisani na Nabalayo, binti wa mzee Mukhwana wa Kamukuywa. Aliomba kiwandani kipande cha barafu, akakifunga kwa vumbi la mbao na magunia mawili, akasafiri nacho kwa garimoshi ili wakwe zake waone ajabu ya Nakuru. Alipofika hapakuwa na kitu ila gunia linalodondosha maji. Joash alilikamua ndani ya bakuli mbele ya wazee, akasema kwa heshima kwamba hii ilikuwa barafu.

Mzee Mukhwana aliyatazama yale maji kwa muda. "Kijana," alisema, "umenipandishia maji kwenye gari la moshi kutoka Nakuru, na mto uko hapo chini?"

Tangu siku hiyo huko ukweni aliitwa Mkwe wa Maji, na kila alipokwenda kusalimia mtu alimwuliza kama ameleta mengine. Hakuchukia. Mungu aliwapa watoto watatu: Rebeka, Kundu na Nanyama mdogo.

Kazi iliyomfanya ajulikane haikuandikwa kwenye karatasi za kiwanda. Vipande vya barafu vilivyovunjika vilikuwa vikitupwa, na msimamizi alimruhusu kuvichukua. Mtoto wa jirani akishikwa na homa, mama yake alikwenda kwa Joash. Mwaka 1953 Anyango, mke wa Owuor dereva wa lori la maziwa, alifika mlangoni na mtoto wake.

"Shemeji, kichwa kinachemka kama sufuria. Nipe barafu."

Joash alimpa, tena nyingi, akamwonyesha jinsi ya kuifunga kwa kitambaa. "Lakini ukitoka hapa nenda hospitali," alimwambia. "Usirudi nyumbani kwanza. Weka barafu ukiwa njiani."

Mtoto alipewa dawa na akapona. Anyango alitangaza kwenye bomba la maji kwamba ni barafu ya Joash. Nabalayo alifurahi kusikia, lakini mumewe alitikisa kichwa.

"Ile barafu haikufika popote, Mama Rebeka," alisema. "Kichwa ni kama mkebe, na hakuna mwiko wa kukoroga kichwa. Imepoza nywele."

"Sasa kwa nini unawapa? Unawadanganya?"

"Nawapa kwa sababu mama hawezi kukaa tu akimwangalia mtoto. Mikono yake inataka kazi mpaka dawa ishike. Barafu ni ya mama. Si ya mtoto."

Nabalayo alikasirika kidogo siku ile, kisha akasahau, kwa kuwa watoto wengi walipona na watu walikuwa wakishukuru.

Mwezi wa Agosti mwaka huu Joash alikwenda Kamukuywa kwenye tohara ya mtoto wa dada yake, maana mjomba hawezi kukosa. Alilala huko juma zima karibu na mto. Waliolelewa Nakuru na Bahati, penye baridi, hawana mazoea na mbu wa kule. Alirudi akiwa mzima, akaendelea na kazi. Jumamosi tarehe 6 Septemba alitoka kiwandani akitetemeka, akasema ni uchovu.

Hapa ndipo kosa lilipofanyika, na Nabalayo hataki lifichwe. Nyumba yoyote nyingine ingempeleka hospitali Jumapili asubuhi. Nyumba hii ilikuwa na barafu. Wenzake walileta gunia, Nabalayo akamwekea kichwani, na kila alipogusa paji la uso lilikuwa baridi. Akaona homa inashuka. Yeye aliyewaambia wote waende hospitali hakusema twende, na hakuna aliyemwambia Baba Barafu kwamba barafu haitoshi.

Jumapili mchana, baada ya watu wa kanisa kuomba na kuondoka, Joash alifungua macho akamwona mkewe akibadilisha kitambaa.

"Nikuongezee nyingine?" Nabalayo aliuliza.

"Weka tu, Mama Rebeka," alisema. "Inasaidia."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasema kwa akili yake. Jumatatu aliamka akimwita mzee Kundu, ambaye alifariki mwaka 1951, amfungulie maksai. Alipelekwa hospitali kwa lori la maziwa. Daktari alisema ni malaria, na imepanda kichwani. Alichomwa sindano za kwinini. Jioni hiyo alianza kifafa, na baada ya hapo hakumjibu mtu.

Neno lile la kupanda kichwani liliwaingia watu wote. Kama ugonjwa uko kichwani, na dawa ya moto ni baridi, basi kichwa ndicho cha kupozwa. Kiwanda kizima kilisimama na Joash. Wanyoike na wenzake walileta barafu kwa baiskeli kwa zamu, Anyango akawa anaiponda kwa mchi nje ya wodi, na wanawake wa landi ambao watoto wao waliwahi kupozwa walileta vitambaa. Haijaonekana wodi yenye barafu nyingi namna ile.

Jambo la kwanza linalonong'onwa ni kunyolewa. Katika desturi yetu wanaonyolewa ni waliofiwa, baada ya mazishi, na inasemekana Nabalayo alimnyoa mumewe akiwa hai, akaita kifo. Ni kweli alimnyoa, Jumanne asubuhi, kwa wembe alioazima kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Alisikia kwamba nywele zinazuia baridi isiingie. Mama wa mgonjwa yule, mzee Chepngeno, aliyekuwa akimwangalia mwanawe pale, alimwonya.

"Binti yangu, hata kwetu hatufanyi hivyo. Ngoja kwanza."

"Nikingoja ataungua, mama," Nabalayo alijibu, akaendelea kunyoa. Alimnyoa ili apone. Hakuna sababu nyingine.

Jambo la pili ni ujumbe. Mama Nanyama alikuwa Bahati, na siku ya Jumanne alipata habari kwamba mwanawe ni mgonjwa sana. Aliomba ruhusa kwa mwenye shamba, akafunga nguo zake, na Jumatano asubuhi akasimama kwenye lango la maziwa akingoja lori la Owuor limchukue. Asubuhi hiyo hiyo, kabla lori halijaondoka mjini, Owuor alipita hospitali kuuliza hali. Nabalayo alikuwa ameweka mkono kwenye kichwa cha mumewe, na kichwa kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kifafa kilikuwa kimeacha. Joash alikuwa ametulia, anapumua polepole. Baada ya siku nne za moto, Nabalayo aliamini mkono wake.

"Mwambie mama amepoa," alimwambia Owuor. "Ukimwambia hivyo tu, inatosha."

Owuor aliendesha mpaka Bahati. Mama Nanyama alikuwa langoni na furushi lake. Injini ilikuwa inanguruma na vijana wa maziwa walikuwa wakipakia mikebe.

"Amepoa, mama," Owuor alisema kutoka dirishani. "Nabalayo amesema amepoa."

"Amepona?"

"Ndiyo, mama. Amepoa."

Katika Kiswahili cha shambani maneno hayo mawili hulala kitanda kimoja. Mama Nanyama aliweka furushi chini, akaimba pale pale langoni. Akamwambia Owuor kwamba hawezi kwenda mikono mitupu kwa mtu aliyetoka kaburini. Amwache leo, achinje kuku, ampikie mwanawe mchuzi wa kumrudishia nguvu, na kesho ampitie. Nafasi yake kwenye lori akampa mtu mwingine.

Lori lilikuwa halijatoka Bahati wakati dresa wa wodi, msaidizi wa daktari aitwaye Bwana Kiprugut, alipokuja na kipimo cha homa. Alikiweka kwapani, akangoja, akakisoma, akakisoma tena. Digrii 105, na ya mtu mwenye afya ni 98.

"Haiwezekani," Nabalayo alisema. "Shika kichwa chake. Kimepoa."

Kiprugut alishika, akakubali kwamba kimepoa. Kisha akauchukua mkono wa Nabalayo, akauweka kifuani kwa Joash chini ya blanketi. Nabalayo aliutoa kana kwamba amegusa jiko.

"Mkono wako haujasema uongo, mama," Kiprugut alisema. "Lakini pale juu humgusi yeye. Unagusa barafu. Inapoza ngozi, labda na mfupa kidogo. Ubongo wenyewe unalishwa na damu, na damu inapanda kutoka huku kifuani ikiwa na moto huu huu. Wewe unapoza kwa nje, moyo unapasha kwa ndani, na moyo haupumziki."

"Tukiongeza? Wanaume wako nje, wanaweza kuleta gunia lingine."

"Leteni hata magunia kumi. Kichwa kitakuwa kama jiwe na ndani itabaki vile vile."

"Basi niitoe?"

Kiprugut alirudisha blanketi kifuani. Alikuwa mtu mpole, na familia inamshukuru. "Usiitoe," alisema. "Daktari hajaikataza."

Nabalayo alikumbuka wakati huo mkebe, na mwiko, na yale aliyoambiwa mwaka 1953. Kisha akakumbuka lori. Alikimbia hadi barabarani bila viatu, lakini Owuor alikuwa ameshaondoka mjini zamani. Owuor aliporudi jioni na salamu za furaha na habari za kuku, Nabalayo alimweleza ukweli, naye akakaa chini kwenye ngazi za wodi.

"Shemeji, nilisema vile ulivyosema," alisema.

"Najua."

"Nilisema vile vile."

Giza lilikuwa linaingia, na hakuna Mwafrika aliyeruhusiwa kupita mashamba ya wazungu usiku. Walikubaliana kwamba Owuor aanzie kwa mama Nanyama kesho yake. Alifanya hivyo. Mama alipanda akiwa amepakata sufuria iliyofungwa kwa kitambaa cheupe.

"Mama, hali bado ni nzito," Owuor alimwambia wakiwa njiani, kwa kuwa hakuweza kusema zaidi.

"Hata asipokula nyama," mama alijibu, "atakunywa mchuzi."

Joash Wabwile alifariki Alhamisi tarehe 11 Septemba 1958, asubuhi, kabla lori halijafika mjini. Nabalayo alikuwa akifunga kitambaa kipya cha barafu. Kwinini ilikuwa imechelewa siku mbili, na daktari alisema kwamba hata ingewahi, asingeahidi kitu. Kiprugut aliiondoa barafu, akaimwaga nje kwenye majani.

Mama Nanyama aliingia wodini na sufuria yake. Watu walimpisha. Alipita kichwani bila kusimama, akaenda miguuni, akafunua blanketi, akazishika nyayo za mwanawe kwa viganja vyake viwili. Zilikuwa bado na joto. Alikaa hivyo mpaka likaisha.

Kisha akamwangalia mkwewe. Hakupaza sauti.

"Ninyi mlimshika kichwa," alisema. "Mimi ningemshika miguu. Ningejua jana. Ningemuaga."

Sufuria ilirudi Bahati bila kufunuliwa.

Hayo ndiyo mambo yote mawili. Aliyenyolewa alinyolewa kwa tumaini, na neno lililotumwa lilikuwa kweli ya mkono uliokuwa juu ya barafu. Tumaini lile halikuzaa kitu, na neno lile lilimnyima mama saa ya mwisho ya mwanawe, na hakuna kati ya hayo linaloweza kurekebishwa kwa kulisema vizuri. Nabalayo anabaki na swali moja ambalo halihusu majirani. Joash alipomwambia "Weka tu, inasaidia," hajui kama homa ilimfanya aamini barafu yake mwenyewe, au kama alijua vema kwamba haifiki ndani na akampa mkewe barafu kama alivyowapa wengine. Hakuna wa kumwuliza.

Kunyoa kwa waliofiwa kutafanyika Jumatatu, nyumbani kwa mama Nanyama huko Bahati. Mama amesema kichwa cha Nabalayo atakinyoa yeye mwenyewe.

Marehemu ameacha mama yake, Nanyama. Mjane wake, Nabalayo. Watoto wake Rebeka, aliye darasa la saba, Kundu, aliye darasa la tatu, na Nanyama mdogo ambaye hajaanza shule. Dada yake aliye Kamukuywa na mpwa wake aliyetahiriwa mwezi uliopita, ambaye jeraha lake halijapona vizuri na hakuweza kusafiri. Ameacha pia wenzake wa chumba cha barafu. Inasemekana siku ya Ijumaa kila mmoja alitia kidole katikati ya mkebe kabla ya kuuacha mwiko.

Joash Wabwile Kundu apumzike kwa amani, nje na ndani.